Nilichompikia Mume Wangu

Mume wangu aligunduliwa ana kisukari mwanzoni mwa ndoa yetu, katika miaka ile ya hamsini. Daktari alimpangia nyama, mayai, maziwa, mboga na wali kidogo. Alisema kama mtu anayedhani kila nyumba ya Mji Mkongwe ina ng'ombe uani. Mume wangu alikuwa karani mdogo bandarini. Nyama tulikula Ijumaa.

Nikapanga mwenyewe. Sokoni Darajani nilikwenda jua likishapinduka, wauzaji wa samaki wakiwa wamechoka na bei imelegea, nikanunua vibua. Kunde na choroko zilishika nafasi ya nyama. Mchicha, bamia na mabilingani vilijaza sahani, na wali au muhogo ukabaki kiasi cha ngumi yake. Tui nililitia jepesi, chai akanywa bila sukari. Ili asijione anaadhibiwa peke yake, nikala kile kile. Nikakonda mimi.

Lakini kila alipopimwa mkojo hospitalini, sukari ilikuwa juu. Nikaupunguza wali zaidi. Tui nikaliacha kabisa. Naye alidokoa kidogo tu, akasukuma sahani.

"Nshashiba," alisema.

Nikamwonea huruma, nikidhani maradhi yamemtoa hamu.

Siku moja alasiri nilimpelekea mama mkwe vibua vya kupaka, nyumbani kwake mtaa wa Malindi. Nikapiga hodi, nikapanda ngazi. Mume wangu, niliyejua yuko kazini, alikuwa ameketi mkekani mbele ya sinia la wali wa nazi, na kando yake kisahani cha halua. Tonge lilikuwa mkononi. Hakulitia mdomoni wala hakulirudisha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kaa ule na wewe, huku chakula kipo. Mwanangu akija hapa kila siku hajaja kutembea, kaja kwa njaa."

"Mama, chakula hiki kinamdhuru."

"Nimemlea kwa hiki hiki."

Tulipokuwa tunarudi, mume wangu aliniambia hawezi kuukataa mkono wa mamake. Nikamuuliza, na wangu aliwezaje kuukataa? Kesho yake akapita tena kwa mamake, na kesho kutwa.

Kisha kiatu kikamchubua kidole. Kidonda kikaoza, wakamkata mguu chini ya goti. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake, mama mkwe upande wa pili, daktari alipouliza kupitia kwa nesi ni nani anayempikia mgonjwa.

"Mkewe huyu," akasema mama mkwe.

Daktari akanikaripia mbele ya wodi nzima, na nesi akatafsiri bila kupunguza neno. Nikamtazama mume wangu.

"Mwambie, bwana," nikamsihi.

"Nimekula nilichopewa," akasema, akageukia ukutani.

Aliporudi nyumbani kwa magongo, ngazi za mamake hakuziweza tena. Basi mama mkwe akaja na bakuli lake. Nikampokea mlangoni, nikamwamkia, nikambusu mkono, na bakuli nikamrudishia. Alinilaani kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani. Nikafunga mlango.

Tangu hapo mume wangu alikula nilichopika, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Sukari ikashuka. Mwili ukamrudia, akaweza kushuka kukaa barazani na wenzake. Mtaani wakasema dua za mama mtu zimekubaliwa. Mama mkwe akapokea pongezi, akafanya kisomo, akagawa mandazi. Mimi nikiwa ndani nyuma ya mlango, nilimsikia jirani akimwambia mume wangu maneno hayo hayo.

"Alhamdulillahi," akajibu. "Mama ni mama."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimpikia mpaka siku ya mwisho, nikimpimia wali wake vile vile, na sikumpenda tena.