Choo Kilichoelekea Kibla

Mama yangu hakuwahi kulala nje ya nyumba yake ya Wete ila kwa harusi au msiba. Kwa hiyo aliponikubalia siku tatu za kupumzika Ole, kwenye kibanda cha mapumziko nilichokichora mwenyewe, nilijua nafasi hiyo haiji mara mbili.

Kibanda kile nilikionea fahari, sifichi. Chumba kimoja, kibaraza, choo pembeni. Kuta za mbao zinazofungwa kwa boliti, ukitaka unakihamisha, na miguu unairefusha kwenye mteremko. Nilikijaribu kwanza Pujini, kwenye tambarare, kikakaa vizuri kikitazama mashariki. Ole nilikigeuza kitazame kaskazini, mikarafuu inakoteremkia bondeni. Upepo, mvua, mteremko, vyote nilivipigia hesabu.

Mama alifika, akasifu mbao, akachukua kopo la maji akaingia chooni. Akatoka papo hapo, kopo bado limejaa.

"Mwanangu, kibla ki wapi huku?"

Nikanyoosha mkono, na aibu ikanishika kabla sijaushusha. Kibla chetu kiko kaskazini, na nilipogeuza kibanda nilikigeuza pamoja na choo chake: anayekaa pale anaelekea kibla uso kwa uso. Adabu ya kutoelekea kibla chooni nilifundishwa kabla sijajua kusoma.

"Mie sikai hapo," akasema. "Nirejeshe kwangu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilimwomba anipe mpaka alasiri. Akakaa kibarazani, mkoba mapajani, viatu miguuni. Jirani aliyekuja kumwamkia nilimtia kazini hata salamu hazijesha. Tulifungua boliti za choo, tukakiinua kizima kizima, tukakizungusha robo, tukakifunga tena mlango ukiwa ubavuni. Bomba ndilo lililonitoa jasho.

Mama akaingia na kopo lake. Alipotoka alitawadha, akatandika msala kibarazani, bonde lote mbele yake, akasali. Nilirudi Wete roho kwatu.

Siku ya tatu nilikwenda kumchukua. Nguo zake zilikuwa kwenye kamba tangu asubuhi, na jua lilikuwa kali.

"Leo hatwendi," akasema. "Nguo hazijakauka."

Nilishika ncha ya kanga yake. Ilikuwa kavu kabisa. Nikamwambia, "Kweli, Mama, bado mbichi, tuziache mpaka kesho."