Kanga Niliyoitandaza Kwenye Fungu la Mchanga

Mke wangu aliomba nimpeleke Unguja miaka yote. Nikawa namjibu, maji ya Kilombero yamekupungukia nini? Mimi niliishia darasa la nne, nikajenga nyumba na mashine ya kukoboa mpunga kwa mikono hii. Nani wa kunifundisha kutembea? Akafa hajaiona bahari.

Siku ya kugawa nguo zake, ndugu walichukua zote. Nilificha kanga moja ya kijani, ya shambani. Ilikuwa bado inanukia yeye, jasho na moshi. Binti yangu aliponipeleka Unguja kupumzisha kichwa, niliibeba. Nimwonyeshe bahari, nirudi nayo.

Tukapanda boti hadi fungu la mchanga katikati ya bahari, jeupe kama sembe. Nikaitandaza kanga juu, sikumwambia mtu. Nikachomeka kijiti ukingoni mwa maji, ndivyo tunavyoupima mto kwetu. Maji ya bondeni hupanda kwa siku kadhaa, unayaona yanakuja. Nikaondoka na wenzangu kwenda mwambani kutazama samaki kwa miwani ya kuzamia. Nilicheka. Samaki wa njano wananipita puani, nacheka kama mtoto.

Kurudi, fungu halipo.

"Kanga yangu!"

"Mzee wangu, maji yamejaa," nahodha akasema. "Ulidhani bahari itakungoja?"

"Si nimeweka kijiti!"

"Kijiti?" Akamgeukia binti yangu. "Dada, baba anatokea wapi?"

"Ifakara."

"Aa. Basi."

Nikashuka. Maji yakanifika kifuani, nikawa napapasa kwa miguu. Binti akanishika shati. "Baba, panda! Kanga gani hiyo? Zimejaa madukani, nitakununulia."

Nikamwambia ilikuwa ya nani. Akaniachia shati, akakaa ndani ya boti, akalia kwa sauti, watu wote wakatugeukia.

Kesho yake maji yalipotoka nahodha aliturudisha bure, hatanii tena. Nililizunguka lile fungu lote. Mchanga msafi, hata uzi sikuuona. Wageni walikuwa wameshafika, wanapiga kelele za furaha. Mama mmoja, rika la mke wangu, akaniamkia, akanipa simu yake.

"Baba, tupige picha, mimi na mume wangu. Bahari ionekane."

Nikawapiga. Macho yangu yalikuwa kwenye maji, nikawakata vichwa, akaniomba nirudie.