Vidole vya Mjomba

Kila Jumapili saa tisa alasiri, fundi mmoja wa sare za shule alikuwa na mahali pake: kiti cha tatu kutoka ukutani, katika ukumbi ambamo bendi ilipiga mpaka jua kuzama. Wanamuziki walimwita Dada Kalamu. Mdogo wake, aliyeishi naye, alimwita kichwa kigumu, na wala hakumsingizia.

Mwanamke huyu alikuwa amejiwekea sharti ambalo hakuna aliyemlazimisha. Muziki ukianza, kalamu inagusa karatasi. Muziki ukinyamaza, kalamu inainuka, hata kama mtu amebaki na sikio moja. Kwenda kumalizia nyumbani kwa kukumbuka, au kwa kutazama picha ya simu, piga ua hakubali. "Mkono bila muziki unanidanganya," alisema, na mjadala ukafungwa.

Nyumbani, juu ya meza ileile ya cherehani, alihamishia mchoro kwenye kipande cha lino, lile zulia gumu la sakafuni, akakichonga kwa patasi ndogo. Kisha akakipaka wino kwa rola, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Palipochongwa palitoka peupe, pasipochongwa peusi. Vijiko vyote vya nyumba vilikwisha ingia wino, na mdogo wake alishazoea kukoroga chai kwa uma.

Bendi nzima alikuwa ameshaichapa, hata yule mpiga besi anayesinzia huku anapiga. Aliyemtoa jasho ni Mjomba, mzee wa tarumbeta. Mjomba alikaa nyuma ya ngoma, haonekani, akasimama mara moja tu kupiga solo yake, na solo yenyewe ilikuwa fupi. Dada Kalamu alikuwa na michoro kumi na mmoja ya Mjomba, na yote haikuwa na vidole.

"Si uanze na vidole?" mdogo wake alimuuliza.

"Nilijaribu. Vidole bila bega vinatoka karoti."

Ndipo habari ikaja: daktari amemkataza Mjomba kupuliza, kifua hakimruhusu tena. Jumapili inayofuata angeaga. Dada Kalamu hakulia wala hakulalamika. Wiki nzima alimkalisha mdogo wake kitini, chupa mkononi kama tarumbeta, akibonyeza kwa vidole vitatu huku redio inaimba.

"Dada, mkono umekufa ganzi."

"Usife wewe tu. Bonyeza."

Jumapili ukumbi ulijaa pomoni. Mjomba aliposimama, kalamu ilikuwa tayari inakimbia: bega, shingo, mashavu yaliyovimba. Solo ilipofika ukingoni, mzee alimtupia jicho juu ya tarumbeta, akaona kalamu bado inakwenda. Akampa mpiga ngoma ishara ya kidevu, akaanza upya. Kumbe miaka yote alikuwa anamwona!

Akarudia tena, mara ya tatu. Sasa mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, na kati ya nota na nota pumzi yake ilikwaruza. Dada Kalamu alikuwa amefika kwenye kifundo cha mkono. Dakika moja tu, angevipata vidole vyote.

Akainua kalamu juu, mzee aione. Mjomba akashusha tarumbeta. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na yeye akafunga daftari roho ikimuuma, tena sana.

Juma lile alichonga kila kitu ila vidole. Pale pa mkono wa kulia aliacha lino nzima, bila hata mkwaruzo.

"Chonga tu, nani atajua?" mdogo wake alisema.

"Mimi."

Alichapa nakala ya kwanza, akaipeleka kwa Mjomba. Mke wa mzee alimkaribisha ndani. Mjomba alikuwa kitini karibu na dirisha, tarumbeta kwenye meza ndogo, imefutwa ikang'aa. Aliishika karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Mpwa wangu, mashavu umeyaweza. Lakini vidole vyangu viko wapi?"

"Pumzi ilikuwa inakuishia, Mjomba. Nikaona basi."

Mzee akagusa lile doa jeusi la mkono wa kulia. "Na hapa pamekwisha haribika?"

"Hapana. Hapo sijachonga. Pakichongwa hapafutiki, ndiyo maana nimepaacha."

"Basi toa kalamu."

"Mjomba, unanijua. Bila muziki mimi sichori."

"Nani amesema bila muziki?"

Akaichukua tarumbeta, akaishika kama siku zote, ila mdomoni hakuifikisha. Vidole vikaanza kubonyeza. Tk. Tk-tk. Tk. Vile vitufe vitatu viligonga kwa sauti ndogo, kavu, na mpaka kufikia pigo la nne Dada Kalamu alikuwa ameitambua: ni solo ileile, nota kwa nota, haikuruka hata moja. Mke wa mzee alisimama mlangoni na sinia la vikombe, akasahau kulitua.

Kalamu ikagusa karatasi. Kidole cha shahada, cha kati, cha pete. Solo ikafika mwisho. Mjomba akatazama, akaona kalamu bado inakwenda, akaanza upya. Safari hii kifua chake kilikuwa kimetulia, na hakuwa na haraka.