Niwie Radhi

Kwetu Mambrui neno radhi lilikuwa la kila saa. Ukimpita mtu mlangoni unamwambia niwie radhi. Ukikohoa mbele ya mkubwa, niwie radhi. Ukienda kuazima kinu, ukirudisha kinu, ukikataa kahawa kwa sababu umekunywa kwingine, ni lilo hilo, na mwenzako hujibu nimekuwia kabla hujamaliza, macho yake yakiwa kwenye kazi yake. Na neno hilo hilo ndilo anayekwenda Makka huzunguka nalo nyumba kwa nyumba, na ndilo mgonjwa anayeona kifo huwaomba watu wake. Hatukuwa na lingine. Ndiyo maana mume wangu aliponiomba radhi mara ya kwanza, mimi nilimpa kopo la kutemea mate.

Alikuwa amelala ukumbini na kifua kilichomshika tangu mfungo mosi. Alisema, "Bibi, niwie radhi," nami nikadhani aona haya kunisumbua. Nikamjibu nimekuwia, nikamshikia kopo. Aliliangalia kopo, akaniangalia mimi, kisha akatema kidogo kwa heshima. Nilikuwa nimeshafika mlango wa jikoni nilipofahamu alichokuwa akikiomba. Sikurudi. Nilipuliza moto, nikakoroga uji.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa darsa. Kila siku baada ya swala ya alasiri aliketi msikitini akasomesha watu wazima, na watu walikuja kutoka Malindi, wakivuka Mto Sabaki kwa mtumbwi, ili wamsikilize. Somo lake kubwa lilikuwa ikhlasi. Alisema kila tendo lina mwenyewe, na mtu ajiulize kabla ya kunyanyua mkono: hili ni la Mungu, au ni la wanaonitazama? Nyumbani naye alikuwa hivyo hivyo. Kabla ya kulala alikaa kitandani akaihesabu nafsi yake, alichosema mchana na alichokusudia, midomo ikimchezacheza. Nilipokuwa mwanamwali nilikuwa nikimtazama na kujiona nimepata mume ambaye wengine hawana. Sikuwa nimekosea. Hakuwahi kunipigia kelele, wala hakula kabla sijala.

Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Mwaka ambao serikali iliwahamisha Wagiriama kutoka upande wetu wa Sabaki, na mahindi yakaadimika sokoni, mtoto alishikwa na homa. Asubuhi alikuwa akizungumza. Adhuhuri akawa anataka baba yake tu. "Baba yuko wapi," kisha tena, "Baba yuko wapi." Alasiri nikaona macho yake yamebadilika. Nilimwomba jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, aende msikitini akamwite. Mwanamke haingii kwenye darsa la wanaume, kwa hiyo alisimama nje karibu na birika, akampa maneno mtu aliyekuwa akitawadha. Yule mtu aliingia, akainama sikioni mwa mume wangu. Bibi jirani aliyaona yote kupitia mlangoni. Mume wangu alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, kisha akaendelea kusomesha.

Mtoto alikufa kabla darsa halijakwisha. Sikuwa na matumaini kwamba baba yake angemponya. Mtoto alikuwa akimtaka, basi.

Tangu hapo mimi nikawa mtu wa kufanya kazi za nyumbani na hakuna zaidi. Sikumlilia mtoto. Watu wa mazishini walinisifu kwa subira, na mimi nikawaachia, maana kumweleza mtu kwamba huna subira, huna uchungu, huna chochote, ni kazi ndefu. Nilikuwa nikila wali siujui ladha. Nilikuwa nikiswali, nikitoa salamu, nakaa pale pale juu ya mswala bila kukumbuka nimesoma sura gani. Duka la Mhindi lililokuwa mkabala na nyumba yetu liliungua upande mmoja, watu wakatoka na ndoo wakipiga mayowe, nami nikasimama barazani nikaangalia moshi, nikarudi ndani kuchambua mchele.

Lililonishinda ni sifa za mji. Haukupita mwezi, nikaanza kusikia kisa chetu kikisimuliwa. Sheikh aliletewa habari ya mwanawe naye yumo katika ilimu ya Mungu, asiikatize. Wanawake walinijia na kisa hicho wakiwa wametabasamu, kana kwamba wananiletea halua. Mmoja aliniambia nina bahati. Nilimuuliza kama amekunywa chai.

Siku chache baada ya lile kopo, aliniomba tena. Ilikuwa dhuha, nyumba iko wazi, na jirani anatwanga upande wa pili wa ukuta. Alinitaka nikae. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Bibi," akasema, "naona safari hii sitoki kitandani. Nataka radhi yako."

Nikamwambia kama inavyosemwa: "Nimekuwia radhi, duniani na akhera."

"Hiyo ya ulimi nimeisikia. Hiyo hata mwenye kukanyagwa kidole sokoni huitoa. Mimi nataka ya ndani."

"Ndani hamna kitu, bwana. Ningekuwa nacho ningekupa."

Kifua chake kilikuwa kikitoa sauti. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitazamia, na alilisema polepole kwa sababu ya pumzi.

"Siku ile niliitwa, wajua. Nikasikia. Walikuwako wageni kutoka Lamu, wanavyuoni, na mimi nilikuwa naeleza ikhlasi. Mmoja wao alikuwa analia nyuma ya nguzo. Nilipomsikia nikasema moyoni, leo nimewafikia. Nikataka na wengine walie. Nikarefusha." Akapumua. "Kila usiku nimejihesabu. Na kila usiku najiambia, ilikuwa ni kazi ya Mungu. Haikuwa. Ilikuwa ni mimi na yule mtu anayelia. Nilimwacha mwanangu kwa ajili ya machozi ya mgeni. Na somo lilikuwa ni ikhlasi."

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa na majivu. Nilitarajia kwamba nikisikia neno kama hilo nitapasuka, nitapiga kelele mpaka watu wajae. Sikuhisi kitu. Lakini nilijua kwamba maneno yake ni ya kweli, na kwamba mtu aliyesema kweli hafai kujibiwa kwa maneno ya sokoni.

"Basi na mimi nitakwambia kweli," nikasema. "Sijakuwia radhi. Nitakupa uji, nitakugeuza, nitakuosha. Hilo lingine sijalipata. Nikilipata nitakwambia."

Alifumba macho. "Ahsante," akasema. "Wewe peke yako ndiye uliyenijibu."

Sikufahamu maana yake mpaka alipowaita wanafunzi wake alasiri ile ile. Walikaa kwenye mkeka kando ya kitanda, mimi niko nyuma ya pazia. Aliwaeleza yote, yule mgeni, nguzo, na kurefusha. Aliwaambia wasikisimulie tena kile kisa, kwani wanausimulia uongo. Waliinama, na mmoja alikuwa akifuta macho. Walipotoka nilimsikia huyo akiwaambia wenzake barazani: "Mwaona? Mpaka leo hii yuwajidhalilisha. Huo ndio unyenyekevu wa wanavyuoni." Kufikia magharibi mji mzima ulikuwa na kisa kipya juu ya kile cha zamani, na sifa zikawa mara mbili.

Mume wangu aliyasikia, kwa sababu aliletewa na watu walewale waliokuja kumjulia hali. Aligeukia ukutani. Kuanzia hapo hakuzungumza na mgeni yeyote ila kuitikia salamu. Kila nilipomletea uji aliniangalia, asiulize, akasubiri kidogo, kisha akafungua mdomo kwa kijiko. Nilijua anasubiri nini. Nilitafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, kweli nilitafuta. Sikupata, na kumdanganya sikuweza. Alikufa hivyo, asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, akiwa na shahada mdomoni na bila radhi yangu.

Kabla hawajamtoa, wanawake walijaa ukumbini. Ni desturi mke aulizwe mbele ya watu, na bibi jirani ndiye aliyeniuliza.

"Mwanangu, umemwia radhi mumeo?"

Nikasema, "Bado."

Bibi jirani akanishika bega kwa nguvu, akawaambia wale wengine, "Amemwia, amemwia, msiba umemchanganya," na jeneza likaanza kunyanyuliwa upande wa wanaume. Sikubishana. Nikakaa eda nikiwa nimevaa kaniki, na nadhani hakuna mwanamke aliyekaa eda kimya kuliko mimi.

Eda ilipokwisha nilianza kusomesha watoto wa kike ukumbini kwangu. Baba yangu alinisomesha vizuri, na ilinibidi nile. Miongoni mwao alikuwamo mmoja mwenye sauti. Siku moja, jua limeanza kulala, alikuwa akisoma, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama chini ya dirisha. Nilipoviona vilemba vyao nikajinyoosha. Mama yake akabisha mlango wa uani, akasema baba yake mtoto ameingia kutoka safari ya Pemba na amtaka mwanawe. Mimi bila kumtazama nikanyanyua kiganja, kwamba angoje, mtoto amalize. Nikamwashiria mtoto aendelee.

Mkono ulikuwa bado uko juu nilipouona.

Nilimwambia mtoto afunge msahafu. "Katikati ya aya, mwalimu?" akauliza, na nikamwambia katikati ya aya, nenda kwa baba yako. Akaondoka mbio. Vilemba navyo vikaondoka dirishani. Niliwaruhusu na wengine, nikafunga mlango, nikaenda jikoni, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Kwanza nilimlilia mtoto wangu. Nilimlilia kwa sauti, kwa jina lake, kilio ambacho kilikuwa kimechelewa sana hata sikukitambua kwamba ni changu. Kiliuma, nami nikafurahi kwamba chauma. Kilipotulia, nikamwona mume wangu akiwa ameketi mbele ya wale wageni, si mwanachuoni wala si mnafiki, mtu tu aliyesikia mwingine akilia kwa sababu yake na akapendezwa. Nikatafuta tena ndani, nikakuta kiko.

"Nimekuwia radhi," nikasema. Nilisema polepole, kama alivyokuwa akisema yeye, ili kila neno litoke.

Upande wa pili wa ukuta kinu kikanyamaza. Bibi jirani akaita: "Mwanangu, wasema na nani?"

Nikamjibu kwamba sisemi na mtu.