Kahawa Kwanza, Kisha Nyangumi

Marhun alianza kuandikia gazeti mjini Sur zamani zile habari zikipelekwa Maskati kwa faksi, na alijivunia jambo moja tu: hajapata kukanusha alichokiandika. Siku hizi ofisi imetia gazeti, redio na televisheni ndani ya simu moja, na simu hiyo akakabidhiwa yeye. Aandike, apige picha, atangaze, kisha awajibu wasomaji wasio na adabu.

"Shikamoo ami," alisema Lujain, msimamizi wake, binti ambaye kwa umri angeweza kumzaa. "Ashkhara kuna nyangumi kafa ufukweni. Nenda ukaturushie mubashara. Wakubwa wanakutazama, ukishindwa leo watakupeleka kwenye makabati ya magazeti ya zamani."

"Makabati yale yana adabu kuliko simu hii."

"Ami, nenda!"

Njia ni ndefu, na simu ililia njia nzima: umefika? umefika? Alipofika kwenye mnada wa samaki, pale ufukweni, hakukaa wala hakupumua. Aliwasha kamera, akamkabili Hud, dalali wa samaki.

"Habari za hapa, Sheikh Hud?"

"Hakuna habari. Kheri tu."

Watu wote wa mkoa huu wa Sharkiya wanalijua jibu hilo. Kabla ya kahawa huambiwi habari, hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe hutoka baada ya finjani. Marhun kakua nalo, lakini haraka haina malezi. Akaigeukia kamera: "Watazamaji, hakuna nyangumi. Ni uvumi mtupu."

Papo hapo gari la barafu lililokuwa nyuma yake likaondoka. Mkia wa nyangumi ukajaa kwenye picha, kunguru juu yake. Harufu alikuwa ameisikia, ila mnadani nani hushangaa harufu?

"Ami, geuka!" Lujain alimwandikia. Vicheko vilimiminika kwenye kioo cha simu.

Mwengine angezima. Marhun alisema, "Nimesema uongo. Sikukusudia, lakini nimesema." Akavua viatu, akaiegemeza simu, ingali hewani, kwenye chupa ya kahawa ya Hud, akakaa mkekani kwake.

"Sasa umekuja," alisema Hud. "Mwanzo ilikuja simu peke yake."

Walikula tende, wakaulizana jamaa mmoja mmoja.

"Ami, watu watatukimbia!" Lujain aliandika.

Hawakukimbia. Walitaka kujua tende zile za wapi. Marhun alipotikisa finjani kuonyesha ametosheka, ndipo Hud akasema: nyangumi kanaswa na wavu mbovu uliotelekezwa baharini. "Wavu wetu wenyewe. Tusimsingizie mtu."

Waandishi wengine wote waliorusha picha tangu asubuhi, hakuna aliyekuwa na habari hiyo.

Jioni Lujain akapiga. "Wakubwa wamecheka, kisha wametazama mpaka mwisho. Makabatini huendi. Ila wanauliza, kahawa haiwezi kufupishwa?"

"Waje wamwambie Hud. Na kanusho langu liandikwe juu ya habari, si chini."

"Juu kabisa, ami? Kila mtu ataliona!"

"Ndiyo maana."