Mikono ya Sweta la Mama

Asubuhi ile ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka kwenye mabati ya Kijenge. Mume wangu, Bahati, alikuwa amesimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu cha ushonaji, injini inanguruma polepole, naye amechutama akiisogezea viganja vyake kama mtu anayeota moto. Ndivyo bodaboda wa Arusha wanavyoishi miezi ya baridi. Mmoja huvaa mfuko wa nailoni ndani ya glovu ili upepo usipenye. Mwingine hupasua dumu la mafuta ya kula na kulifunga kwenye usukani liwe ngao. Bahati alikuwa na glovu za ngozi, za mtumba, alizozichagua sokoni Kilombero baada ya kujaribu nyingi mpaka mwenye meza akakasirika. Alikuwa akiringa nazo. Wenzake kijiweni walipomtania, aliwaambia kwamba mikono ikishakufa ganzi, dereva naye ni abiria.

Nilikuwa nammiminia chai ya tangawizi simu yake ilipoita. Alikuwa jirani wa mama yake.

Bahati alizaliwa milimani, mashariki ya Kongo, juu kabisa ya ziwa. Alikuja Arusha akiwa kijana, akimfuata mjomba wake aliyeuza vitenge Kaloleni, na mjomba alipohama yeye akabaki. Mimi ni Mmeru wa Poli. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, na mama mkwe wangu nilikuwa sijamwona ila kwa sauti ya simu. Jirani alisema kifua kimembana mama, hawezi tena kupanda kilima kwenda kwa ng'ombe wake. Bahati akaamua kwenda kumchukua aje atibiwe huku. Nikafunga kibanda nikafuatana naye. Mama yangu aliponiuliza kwa nini nisisubiri, nilimjibu kwamba mkwe hapokelewi kwa simu.

Tulibadilisha mabasi, tukavuka mipaka, tukapanda lori la viazi mpaka juu.

Mama mkwe alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye macho ya Bahati. Juu ya kitenge alivaa sweta la sufu la kijani, zito kama blanketi, ambalo hakulivua mchana wala usiku. Nilipiga goti nikamwambia, "Shikamoo, mama." Hakujua kuitikia. Kwao salamu hiyo haipo. Alimuuliza Bahati maana yake, na alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa akiniamkia yeye shikamoo, kwa utani, na mimi ilinibidi niitikie. Aliniita Bibi ya Bahati, yaani mke wa Bahati kwa Kiswahili cha kwao.

Nilidhani mimi ni mtoto wa baridi. Kule nikaona kwamba sikuwa nimekutana nayo. Kwetu Poli umande unalowesha miguu, lakini jua likitoka umesahau. Kijijini kwa mama jua lilikuja kama mgeni mwenye haraka. Tulipika viazi, tukakaa karibu na moto, na mama alitusimulia habari za watu ambao Bahati alikuwa amewasahau. Mchana Bahati alitengeneza pikipiki ya marehemu baba yake, iliyokuwa imefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Tulikubaliana kwamba mama akishawagawa ng'ombe wake kwa jirani, tutashuka naye mpaka bondeni kwenye magari.

Hakuwahi kuwagawa. Siku moja tukiwa shambani tulisikia mngurumo upande wa pili wa mlima. Mama alisema ni mvua inakuja. Niliangalia juu. Anga lilikuwa jeupe.

Kufikia jioni watu walikuwa wanapita na magodoro kichwani. Hawakukimbia. Walitembea kama watu wanaotoka sokoni, ila hakuna aliyesalimia. Bahati alitaka tuondoke saa hiyo hiyo. Mama alisema waasi wameshakuja mara nyingi na wameshaondoka mara nyingi. Asubuhi iliyofuata wakapita askari wa serikali, wengine kwenye lori, wengine kwa miguu, na mmoja alikuwa anavua gwanda lake huku anatembea. Mama alisimama mlangoni akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akasema tu, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba sasa twende.

Tulipanda pikipiki watatu. Bahati mbele, mama katikati, mimi nyuma. Niliwakumbatia wote wawili. Mama alifungulia ng'ombe kabla hatujaondoka, akawapiga mgongoni kwa kiganja, mmoja mmoja.

Barabara ilipanda kwanza kabla ya kushuka. Ilipita kwenye msitu wa mianzi, na mvua ilikuwa imeanza, nyembamba, ya kuingia shingoni. Nyuma yetu milio ya mizinga haikukoma.

Kwenye kona tukakuta mwanzi umelazwa barabarani.

Walikuwa watu wenye bunduki. Sikujua ni wa upande gani, na mpaka leo sijui. Mmoja alitukaribia. Koti lake lilikuwa limelowa na meno yake yalikuwa yanagongana. Hakuuliza tunakotoka. Hakumtazama mama, wala mimi. Aliitazama mikono ya Bahati.

"Vua," alisema.

Bahati akavua glovu.

Yule mtu alizivaa palepale. Alikunja vidole, akavikunjua, akageuza viganja huku na huku, kama mnunuzi dukani. Kisha akainua mwanzi kwa mkono wake mpya, tukapita.

Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi sana. Nilijua habari za wanawake waliosimamishwa kwenye vizuizi kama kile na yaliyowapata, mama alikuwa ametusimulia. Nilimshukuru Mungu kwamba tumepona kwa bei ya glovu.

Juu zaidi mvua ikageuka ya mawe.

Bahati aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameuficha kwapani, kisha akabadilisha. Barabara ilipoharibika ilibidi ashike kwa mikono yote miwili. Nilimsikia anapiga kelele za maumivu, kisha nikasikia amenyamaza. Kunyamaza kwake kulinitisha zaidi.

Tulianza kushuka. Pikipiki haikupungua mwendo.

Nilichungulia begani kwa mama. Mkono wa Bahati ulikuwa kwenye breki. Vidole vilikuwa vimeizunguka. Havikubana.

Tukaingia kwenye ukuta wa udongo, tukaanguka.

Hakuna aliyevunjika. Nilimwinua mama, nikamkalisha kwenye jiwe. Bahati alikuwa amepiga magoti barabarani, ameinyoosha mikono yake mbele anaitazama. Ilikuwa ya rangi ya majivu. Nilimwambia afunge ngumi, akashindwa.

Chini kidogo kulikuwa na mwanamke anaswaga ng'ombe wake kuwaingiza kwenye mianzi, wasionekane na watu wa barabarani. Alituona. Alikuja mbio, akamshika Bahati kiwiko bila kuuliza jina, akampeleka kwa ng'ombe mmoja mwekundu, akaiingiza mikono yake kati ya kiwele na paja. Hata kwetu wachungaji wanajua kwamba hapo ndipo penye joto kuliko pote. Ng'ombe alitulia. Bahati aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, na damu ilipoanza kurudi vidoleni alilia kwa sauti kama mtoto anayechanjwa.

Milio ilikuwa imesogea. Sasa tuliweza kutofautisha mmoja na mwingine.

Nilipogeuka nilimkuta mama amevua sweta. Alimwomba yule mwanamke kisu. Sikuelewa mpaka alipoukata mkono wa kwanza, pale kwenye bega. Kisu hakikuwa kikali, akawa anakata na kuvuta, anakata na kuvuta, huku anakohoa.

Bahati alimwambia aache. Alimwambia mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa lugha yao. Mama hakumjibu mpaka mikono yote miwili ilipotoka. Alirudisha mwilini kilichobaki cha sweta, akaja akasimama mbele ya mwanawe.

"Vala," alisema.

"Mama, wewe unaumwa kifua."

"Mi niko katikati yenu. Sitasikia baridi." Kisha akaongeza, "Ukianguka tena, tunakufa wote tatu."

Bahati akanyoosha mikono. Mama alimvalisha mwenyewe. Aliivuta sufu ikapita vidole, ikafunika na vishikio vya usukani, na mimi nikafunga juu yake mifuko ya nailoni tuliyobebea viazi. Kitenge changu nilimzungushia mama mabegani, ingawa kilikuwa kimelowa. Yule mwanamke alikataa kuja nasi. Alisema ng'ombe hawapandi pikipiki. Nilipogeuka kumpungia alikuwa ameshaingia kwenye mianzi.

Tulishuka polepole. Breki zilishika. Kila kona pikipiki ilipunguza mwendo na kila kona nilivuta pumzi.

Mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, kwa pumzi tu, bila sauti. Niliusikia kwa kifua changu kupitia mgongo wake. Alikuwa anatetemeka, nami nikambana zaidi. Baadaye kutetemeka kukaisha. Nikadhani joto letu limemfikia. Kichwa chake kililala mgongoni kwa Bahati, nikadhani amesinzia.

Mvua ilikatika. Mawingu yalifunguka na chini tukaliona ziwa, na hewa ya vuguvugu ikatupiga usoni. Bahati alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mizinga ianze. Akapaza sauti ili asikike juu ya injini.

"Mama, mikono iko sawa!"

Akarudia tena, kwa lugha yao.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Mwili uliokuwa mikononi mwangu haukuwa na uzito wa mtu aliyelala. Mtu aliyelala hujishikilia kidogo bila kujijua.

Sikumwambia Bahati. Nyuma yetu bado walikuwa wanapiga. Niliunganisha vidole vyangu kifuani kwa Bahati, nikamshika mama asianguke, tukaendelea kushuka hivyo mpaka bondeni.

Kulikuwa na shule ambayo watu waliokimbia walikuwa wamejazana. Bahati alizima injini, akasubiri mama ashuke. Nilimwona anaelewa. Hakugeuka mara moja. Alikaa vile vile, mikono kwenye usukani, mama amemwegemea.

Alizikwa siku ya pili nyuma ya shule. Kinamama wa pale walimwosha, wakataka kumvalisha kitenge safi walichochangia. Bahati akasema mama azikwe na sweta lake. Lilikuwa limechanika, halina mikono, na mmoja wao alisema kwa upole kwamba si heshima kumwingiza mzee kaburini namna hiyo. Basi nikaomba sindano. Sindano ilipatikana, uzi haukupatikana, nikafumua uzi wa sufu kwenye pindo. Nilikaa sakafuni kwenye darasa lililojaa watoto na vyungu, nikairudisha mikono, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Kisu kile kilikuwa kimekula sufu nyingi, kwa hiyo ikawa mifupi. Ilifika juu kidogo ya vifundo vyake. Sijawahi kushona kitu polepole namna ile.

Bahati alichimba na wanaume wengine. Alikuwa anashika jembe vizuri.

Tuliporudi Arusha tulifanya matanga kwa dada yangu, Sokon I, msiba usio na jeneza. Waliketi majirani, waliketi bodaboda wa Kijenge na pikipiki zao zimepangwa nje. Mchungaji aliomba historia ya marehemu isomwe, kama ilivyo desturi: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliugua nini. Bahati alisimama. Alisema jina la mama yake na jina la kijiji. Alipofika kwenye namna alivyofariki alikaa chini, na mchungaji akaendelea na sala. Aliwaombea wote waliouawa na vita.

Baadaye, wakati wa kugawa chai, bibi mmoja wa mtaa ule alinivuta pembeni. Aliniuliza kwa huruma kama marehemu alipigwa risasi.

"Hapana, bibi," nilisema. "Alipigwa na baridi."

Aliutazama ua, manyunyu yaliyokuwa yanaanguka juu ya turubai, wanaume waliojikunyata ndani ya makoti yao.

"Baridi tu?"

Nilimwitikia. Watu walikuwa wengi, na sikuweza kumweleza yote nikiwa nimeshika birika.

Tangu wakati ule nimelifikiria swali lake mara nyingi. Kama kuna mtu aliyewahesabu waliokufa siku ile mlimani, mama hayumo. Risasi haikumgusa. Aliyechukua glovu huenda hajui kwamba aliua, na huenda naye hakufika jioni. Bahati bado anaendesha pikipiki. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havijarudi sawasawa, lakini klachi anaibana. Naye hatuongei habari za barabara ile. Aliwahi kusema mara moja tu, akiwa anakula, kwamba badala ya kuvaa ile mikono ya sweta angeweza kushuka akatembea akiisukuma pikipiki. Nilimwambia tusingefika. Hiyo ni kweli, na haikumsaidia.

Mimi niliishi na mama mkwe wangu siku chache tu. Sikujua wimbo ule ulikuwa upi, na sauti yake nimeanza kuisahau. Uzito wake bado ninao kifuani.