Samaki wa Bwana na Wageni wa Kikoneni

Samaki yule aliingia nyumbani kwetu Diani ndani ya sufuria yangu ya wali. Mume wangu alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, na hata salamu yangu hakuijibu mpaka alipommimina ndani ya tangi la kioo. Tangi lenyewe aliachiwa na Mzungu meneja wa hoteli ambako mume wangu alikuwa karani, yule Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, miezi michache baada ya bendera kubadilishwa.

Alikuwa samaki mdogo, rangi ya chungwa na weusi mgongoni, na mikanda miwili myeupe. Wale wanaojificha kwenye maua ya mwambani. Mume wangu alimnunua kwa mvuvi mmoja wa Msambweni.

"Mke wangu, huyu asilale na njaa," aliniambia. "Mimi nina safari za kazi."

Siku za mwanzo samaki hakula. Nilimpa uduvi mkavu akautema. Nilimpa chembe za mkate, zikaozea chini. Alijibanza pembeni akipepea mapezi tu. Mwishowe nilimenya kamba mbichi, nikamkatakata vipande vidogo kama punje za mchele, nikamshushia kimoja kwenye ncha ya njiti. Akakitazama, akakinyakua. Nilicheka peke yangu. Niseme kweli, nilianza kumpenda.

Yule mvuvi ndiye aliyetuletea maji mapya ya bahari. Asubuhi moja, akimimina ndoo, aliniuliza kwa adabu zote, "Mama, mbona hatukukuona Kikoneni kwenye harusi ya kaka yako?"

"Kaka yangu yupi?"

"Si huyu mwenye samaki? Kule alisema nyumba ya Diani anatunziwa na dada yake."

Nilimshukuru kwa maji, nikamfungulia mlango. Kisha nikakaa sakafuni mbele ya tangi. Kuoa mke wa pili dini imemruhusu, na angeniambia ningelia nikanyamaza. Lakini kunifanya dada yake! Miaka saba nimelala kitanda kimoja naye, nimezika naye watoto wawili, halafu kwa watu mimi ni dada. Sikulia. Niliapa atalipa.

Aliporudi hakuambiwa neno. Jioni nilimwandalia ugali na mchicha wa chumvi tupu, hauna hata tui.

"Kamba hakuna leo?"

"Wapo. Ni wa samaki wako. Uliniagiza asilale na njaa."

Alidhani ni mzaha, akala. Kesho yake akapata vilevile, na kesho kutwa. Samaki alikula kamba, akala ngisi, akala nyama laini ya kaa niliyomchambulia kwa kidole. Alinenepa, na kila akiona kivuli changu alikuja mbio kwenye kioo. Mume wangu alitafuna mchicha akitutazama, na mimi moyo wangu ukishiba.

Halafu akanijia kwa sauti ya upole. "Ijumaa baada ya sala nina wageni wa heshima. Wanataka kumwona samaki akilishwa. Pika vizuri, tafadhali."

Nikapika pilau, nikavaa kanga zangu mpya. Walikuja kutoka Kikoneni mzee mmoja, ndugu zake wawili, na bibi harusi mwenyewe, msichana wa buibui aliyeinamisha macho. Nilimwamkia mzee shikamoo. Akaitikia marahaba, akala mpaka akaridhika, kisha akasema, "Ahsante sana, binti yangu. Bwana harusi wetu ana dada hodari."

Mume wangu aliinuka upesi. "Haya, tumlishe samaki!"

"Keti, bwana," nikamwambia. "Kazi hii ni yangu." Nikamshushia samaki kipande cha kamba, akakidaka, wageni wakashangilia. Ndipo nikamgeukia yule mzee.

"Mzee wangu, sikuzaliwa na mtu huyu. Mimi ni mkewe, na wanetu wamelala kwenye makaburi pale nyuma ya msikiti. Muulize."

Mzee hakumuuliza mume wangu kitu. Alimtazama tu, na uso ule ulijibu. Akamshika bintiye mkono. "Mtu anayekana kaburi la mwanawe atakukana na wewe. Twende." Msichana alipofika mlangoni alinitazama, machozi yamemjaa. Huyo nilimwonea huruma. Mume wangu sikumwonea.

Akaanguka kwenye kiti alichoachiwa na yule Mzungu. "Umeniaibisha."

"Bado," nikasema.

Nikaenda kwa kadhi nikadai talaka yangu, na mume wangu akaitoa mbele za watu, mmoja wao akiwa mvuvi wa Msambweni. Samaki nilimwachia huyo aliyekuwa mume wangu, na sijui alimlisha nini. Miaka mingi baadaye tulikutana sokoni Kona ya Musa, nywele zake nyeupe, fimbo mkononi. Akanitolea salamu. Niliijibu kwa sababu salamu ni amri ya Mungu, nikaendelea na ununuzi wangu. Aliniita tena mara mbili kwa jina langu. Sikugeuka.